Barua ya wazi: kabla ya jengo lingine, tuleteeni mkunga wa pili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayesimamia TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Na kwa wakuu wa mikoa, wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu na madiwani wa Iringa, Njombe na Mbeya.

Waheshimiwa, kamwene.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimefanya kazi ya zahanati miaka 34, yote huku Nyanda za Juu Kusini, na zaidi ya nusu yake katika kijiji kimoja cha Mufindi, kule barabara inakopita katikati ya misonobari na malori ya magogo yanaichimba kila masika. Sigombei kitu wala sina madai ya malimbikizo. Nimeshika kalamu kwa sababu ya dakika moja ambayo naamini wengi wenu hamjawahi kuiona kwa macho.

Dakika hiyo inaanza pale mtoto anapotoka. Tumefundishwa, na miongozo yenu inasema hivyo, kwamba mama achomwe oksitosini yuniti 10 kwenye paja kabla dakika moja haijapita, ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isimwagike. Tumefundishwa pia kwamba mtoto asipolia akaushwe, asuguliwe mgongo, na akiwa bado hapumui aanze kupumulishwa kwa begi kabla dakika moja haijapita. Wakufunzi wetu waliiita dakika ya dhahabu. Mama ana dakika yake na mtoto ana yake, ila ni dakika ileile, na mkunga aliye peke yake ana mikono miwili tu.

Nitawasimulia usiku mmoja wa Februari. Mama wa mimba ya nne aliletwa na mumewe kwa bodaboda, mama mkwe akafuata kwa miguu na chupa ya chai. Mawingu yalikuwa yametanda siku tatu mfululizo, kwa hiyo betri ya sola ilikuwa imekwisha. Nilipima njia kwa mwanga wa simu. Alipoanza kusukuma niliibana ile simu kwa meno, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka ikamulika panapotakiwa. Mtoto alitoka amelegea, rangi ya bluu, hana sauti. Nikamlaza juu ya tumbo la mama, nikamkausha kwa kanga, nikamsugua mgongo. Kimya. Wakati huohuo nikasikia damu ikidondoka kwenye ndoo ya plastiki chini ya kitanda. Mkunga yeyote anaijua sauti hiyo. Inaanza tone tone, halafu inaungana.

Nilimchoma mama sindano. Nikakata kitovu, nikampeleka mtoto mezani hatua tatu kutoka kitandani, nikaanza kumpumulisha. Kutoka pale mezani sikuweza kulifikia tumbo la mama. Nikaita kwa sauti, "Mama, ingia!" Yule mama mkwe akaingia na matope miguuni. Nikampa simu amulike kwa mkono wa kushoto, nikamshika mkono wa kulia nikauweka chini ya kitovu cha mkwewe: "Kanda hapa, mama. Pakiwa pagumu ndivyo tunavyotaka. Pakilegea niambie." Alikanda. Alikuwa akisali kwa Kihehe na kukanda, na kila mara akinijibu, "Pagumu, sista. Bado pagumu." Mtoto alilia. Sijui baada ya muda gani, sikuwa na mkono wa kutazamia saa.

Wote wawili walipona. Yule mtoto sasa yuko darasa la nne, na akinikuta njiani ananiamkia shikamoo mkono wake kichwani. Lakini mkunga wa pili wa usiku ule alikuwa bibi yake, mkulima wa viazi, ambaye serikali haikumwajiri wala kumfundisha. Asingekuja na chupa ya chai, ningechagua nani?

Nawashukuru, waheshimiwa, na shukrani hii si ya adabu tu. Nilipoanza kazi, mama aliyeshindwa kujifungua alibebwa kwenye machela ya miti miwili na blanketi, wanaume wakipokezana mabega hadi barabara kuu, na wengine hawakufika. Mwaka 2007 serikali ilipotangaza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, kwamba kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, wengi wetu hatukuamini. Leo majengo yapo, mengine wananchi wenyewe wamefyatua tofali na kusomba mchanga. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja, zile za wafadhili wa afya, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, hatuzisubiri tena ofisini kwa mtu. Tuna pia m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022: unapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa liko mbali anakuja dereva wa hapohapo aliyesajiliwa, na malipo yake si juu ya familia. Nimeitumia namba hiyo. Inaokoa watu.

Matokeo yake mmeyaona kwenye takwimu zenu. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, akina mama 63 kati ya 100 walijifungulia kwenye vituo vya huduma. Katika ule wa 2022 wamefika 81. Vifo vya uzazi vilivyokuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 vikahesabiwa 104. Sisi tuliokuwa huku chini tunajua kila namba hiyo ina jina na kitanda.

Ila akina mama wamekuja kama mlivyowaita, na mikono ya kuwapokea haikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwongozo wa ikama, yaani idadi ya watumishi, wa mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Sisi tulikuwa watatu: tabibu, mhudumu wa afya na mimi. Tabibu akiitwa semina mjini na mhudumu akiwa likizo, zahanati nzima ilikuwa mimi. Asubuhi natibu malaria na kikohozi, napima wajawazito, nachanja watoto, naandika vitabu vyote vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma, usiku nazalisha, kesho yake saa moja na nusu nafungua mlango kama mtu aliyelala. Nimewahi kusinzia nimeshika kalamu juu ya kadi ya mjamzito, na nilipoamka nikakuta nimeandika presha ya mtu mwingine. Niliifuta, nikampima upya. Sijui zile ambazo sikuzigundua.

Sasa niwaambie usiku wa pili, na huu ni mgumu kwangu.

Ilikuwa Julai. Mama mmoja alipata kifafa cha mimba. Nilimpa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, nikaomba gari, likaja. Mgonjwa wa namna hiyo hatumwi peke yake na dereva. Anaweza kudegedega njiani, lazima mtu wa kumshika, kumwangalia anavyopumua na kuhesabu mapigo. Nikafunga zahanati, nikapanda gari, tukaenda. Tulifika salama na mama yule alifanyiwa upasuaji, akapona, mtoto wake pia. Niliporudi asubuhi nilikuta watu barazani. Mama mwingine alikuwa amefika saa tisa usiku akiwa na uchungu wa karibu, akagonga, hakuna aliyefungua. Alijifungulia pale barazani juu ya saruji, dada yake akimshikia kanga kuziba upepo. Mtoto alizaliwa hai, dada mtu aliniapia kwamba alilia. Nilipomshika hakuwa hai tena, na alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

Ufunguo wa mlango ule ulikuwa mfukoni mwangu, umbali wa kilomita 40.

Wiki iliyofuata nilipokea barua kutoka ofisi ya juu yangu ikinitaka nijieleze kwa nini kituo kilifungwa. Nilijieleza. Hakuna aliyeniuliza nilihitaji nini ili kisifungwe.

Nimekuwa nikiusikia mjadala wa daktari wa familia, kwamba kila kaya iwe na mtu mmoja wa tiba anayeijua, anayemfuatilia mama tangu mimba hadi mtoto anapokua. Ni wazo zuri, lakini huku halina ugeni. Kijijini kwetu kila anayevaa koti jeupe anaitwa daktari, na zahanati ndiyo daktari wa familia. Mimi nilijua nani alipoteza mimba mwaka juzi, nani mumewe anamficha kadi, nani ana mapacha upande wa baba, nani alitokwa damu nyingi kwenye uzazi uliopita na kwa hiyo asijaribu kujifungulia kwetu safari hii. Ujuzi huo hauandikwi wote kwenye kadi. Unakaa kwa mtu, na mtu huyo akichoka au akihamishwa kila baada ya miezi minane, mama anaanza upya na mgeni.

Mpwa wangu ni muuguzi Uingereza. Ananiambia kule madaktari wa familia zamani walizalisha hata majumbani, siku hizi kazi hiyo imebaki kwa wakunga na hospitali. Lakini jina la mama halitoki kwenye daftari la daktari wake wa familia, na tangu 2020 mkataba wao unawataka wamwangalie mama mwenyewe, si mtoto tu, kati ya wiki ya 6 na ya 8 baada ya kujifungua. Nilipomsikia nikakumbuka benchi letu. Wiki ya 6 kwetu ni siku ya chanjo. Mtoto anavuliwa, anavalishwa ile suruali ya mzani, ananing'inia, anaandikwa, anachomwa, analia, anavalishwa. Mama anashika kadi. Nesi ni mmoja na benchi lina watu 40, kwa hiyo mama haulizwi kitu.

Siku moja nilimuuliza mmoja kwa sababu tu alikaa mwisho kabisa wa benchi, mbali na wenzake, amejifunga kanga mbili juu ya gauni ingawa kulikuwa na jua. "Na wewe mwenyewe, mwanangu, unaendeleaje?" Akaanza kulia. Mkojo ulikuwa unamtoka bila yeye kujua tangu siku ya nne. Uchungu wake ulikuwa umechukua siku mbili nyumbani kabla hajaletwa hospitali. Wiki 6 alikuwa anafua kanga usiku na kuzianika ndani ili majirani wasione. Fistula inatibika, na alitibiwa, sasa yuko mzima. Lakini nilimpata kwa bahati, na mimi sitaki afya ya mama baada ya kujifungua iwe kitu cha bahati. Ongezeni mtu mmoja kwenye siku ya chanjo, apewe kiti, pazia na kipimo cha presha, amwite kila mama anayemaliza chanjo. Hakihitajiki kibali cha mtu yeyote wa nje.

Kuna jambo la baridi, ambalo silisikii likitajwa kwenye hotuba. Ramani ya zahanati ni moja, ijengwe Lindi kwenye joto au ijengwe Makete kwenye baridi. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kujifungulia kiwe na joto la nyuzi 25 hadi 28. Alfajiri moja ya Julai nilichukua kipimajoto cha akiba cha friji ya chanjo nikakiweka juu ya meza yetu ya kupokelea watoto. Kilisoma 9. Mtoto anazaliwa amelowa, ametoka kwenye joto la mwili wa mama yake, anaingia kwenye nyuzi 9. Hata yule aliyelia vizuri anaanza kupoa mbele ya macho yako, na akipoa anashindwa kunyonya, asiponyonya sukari inashuka, na aliyezaliwa kabla ya wakati hana hata nguvu ya kukuonyesha kwamba anapoteza joto. Tulikuwa tunaweka jiko la mkaa kwenye korido, na moshi wake pia ni hatari, nilijua na niliweka hivyohivyo.

Hili halihitaji mashine za mamilioni. Chumba kiwekwe dari. Madirisha yafungike kweli, siyo yale ambayo upepo wa Kitulo unapita kama hayapo. Pale umeme wa REA ulipofika, kiwekwe kipasha joto. Kofia na soksi za mtoto ziwepo MSD, bohari ya dawa ya serikali, kama pamba inavyokuwepo. Na mtoto alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe wote wawili, asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Hili la kuogesha linataka mtu wa kukaa na bibi wa mtoto na kumweleza taratibu, kwa sababu bibi ameshachemsha maji na anaona kumwacha mtoto na utando ni uchafu. Nesi anayekimbia hawezi kufanya mazungumzo hayo. Atasema "msimwogeshe" na kuondoka, na mtoto ataogeshwa.

Mtasema fedha. Nakubali, na sitajifanya kwamba kila zahanati ina haki sawa ya mkunga wa pili kesho asubuhi. Ziko zahanati zinazozalisha akina mama wawili kwa mwezi na ziko kilomita sita kutoka kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Hapo mimi naona ni bora kujenga nyumba ya kusubiria pale kituoni, mama aende wiki mbili kabla, apike na ndugu yake, uchungu umkute mahali penye damu ya akiba. Zipo nyingine zinazozalisha 20 na zaidi, na masika ikifika barabara inakatika siku tatu. Tofauti hii hamhitaji mtaalamu kutoka mbali kuja kuipima. Iko kwenye kitabu cha MTUHA namba 12, kwenye safu ya saa ya kujifungua. Fungueni vitabu vya miezi 12, hesabuni wangapi wamezaliwa kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi, pimeni umbali hadi kituo kinachofuata na muulize barabara ikoje Machi. Anzieni zilizo juu kwenye orodha hiyo. Nimeshuhudia watumishi wapya wakipangwa kwa kufuata idadi ya watu wa kata, na mwisho wakajaa karibu na lami.

Na watu wa kuajiri wapo. Mabinti na vijana waliomaliza vyuo vya uuguzi na ukunga wako mtaani, wengine wanauza vocha Mafinga na Makambako huku vyeti vikikunjwa kwenye bahasha. Wapo wastaafu wa miaka 60 ambao mikono yao bado iko sawa. Ruhusuni kamati ya usimamizi ya zahanati, ile ambayo tayari inazisimamia fedha za kituo, imuajiri mkunga kwa mkataba kutokana na fedha hizo, na halmashauri iongeze pale panapopungua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima itakapowafikia watu wote, wajawazito wetu wataleta kadi zao zahanati. Kadi haiwezi kushika begi la kupumulishia.

Mkijenga, jengeni nyumba ya mtumishi. Mimi nilipanga chumba kwa mjane mmoja karibu na zahanati, nikawa na bahati. Mwenzangu wa kijiji cha pili alikaa mwendo wa dakika 40 kwa miguu, na bondeni kuna mto. Mama akifika usiku, kwanza atumwe mtu kumwita nesi, nesi avae, ashuke, apande. Tumeshapoteza saa nzima kabla hata ya kupima mapigo ya moyo wa mtoto, na damu ikianza kumwagika baada ya kujifungua inaweza kumuua mama ndani ya saa 2.

Kuna mambo mawili hayagharimu chochote, ni ya kuacha tu.

La kwanza ni barua. Mjamzito akija kliniki ya kwanza bila mwenzi wake, sehemu nyingi anarudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji inayoeleza baba yuko wapi. Nia ilikuwa njema, baba na mama wapimwe pamoja. Mkoa wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 katika utafiti wa 2022/23, na Iringa na Mbeya ziko karibu nyuma yake, kwa hiyo kupima mapema ni jambo la uhai. Lakini angalieni linavyotendeka. Binti wa miaka 18 aliyepewa mimba na mvuna chai aliyekwisha hama, aende akasimame mbele ya mwenyekiti, ambaye ni baba yake mdogo, aeleze. Haendi. Anakaa nyumbani mpaka mwezi wa saba. Kama ana maambukizi, miezi yote hiyo mtoto amekaa bila kinga ya dawa ambayo ingetolewa bure siku ya kwanza. Nilikuwa nawapokea bila barua na niliwahi kuonywa kwa hilo. Ningeanza kazi leo ningewapokea tena.

La pili ni faini. Vijiji kadhaa vimetunga sheria ndogo kwamba anayejifungulia nyumbani alipe. Waheshimiwa, aliyejifungulia nyumbani akiogopa faini hamleti mtoto kuchanjwa, wala haji hata akitokwa damu siku ya tano. Mara nyingi alikuwa njiani. Au alikuwa hana fedha ya vifaa. Sera ya Afya ya 2007 inasema huduma kwa mjamzito ni bure, na sisi tulikuwa tunawaambia waje na glovu, pamba, wembe mpya, mpira wa kutandika, vibanio vya kitovu, ndoo na doti mbili za kanga, kwa sababu tusipowaambia tungewazalisha kwa mikono mitupu. Nimemwona mama akiweka vitu hivyo juu ya meza kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti ya chini kama mtoto anayehakikiwa na mwalimu, na akifika kwenye glovu, jozi moja tu, akanitazama usoni. Nilikuwa na jozi zangu mfukoni. Leteni vifaa kwa hesabu ya wanaojifungua, si kwa hesabu ya makisio ya mwaka jana.

Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliofanyika katika hospitali 8 za hapahapa Tanzania, watumishi wakifundishwa kuwasaidia watoto wapumue ndani ya dakika ile niliyoanza nayo. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Kwa begi la kupumulishia, kitambaa kikavu na mtu aliyefundishwa. Zahanati zetu zina begi. Lile la kwetu liliningojea ukutani kwenye msumari miaka yote, safi, nikiliosha kila Jumatatu. Kilichokosekana ni mtu wa kulishika wakati mimi nimeshika tumbo la mama.

Naomba na wasimamizi wenu wabadili saa. Timu za usimamizi shirikishi zilitufikia saa tano asubuhi na kuondoka saa nane, wakakuta sakafu imedekiwa na vitabu vimejazwa. Njooni usiku mmoja, mlale. Njooni Julai, na mje na makoti.

Binti aliyechukua nafasi yangu ana miaka 26. Ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, anaijua patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, vizuri na ana heshima kwa wagonjwa. Yuko peke yake. Mwezi uliopita, saa nane usiku, alimtuma mtoto wa jirani kuja kunigongea dirisha. Nilivaa kanga juu ya gauni la kulalia, nikachukua tochi, nikaenda. Sikugusa kisichoniruhusiwa kwa sasa. Nilishika taa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nikakanda tumbo la mama, kila baada ya muda nikimwambia, "Pagumu, mwanangu. Bado pagumu," mpaka mtoto akalia.

Nakaa nyumba ya tatu kutoka zahanati. Desemba, mvua zikianza, nahamia Mbeya kwa mwanangu. Nimemwambia yule binti, na alichoniuliza ni kama naweza kusubiri masika yaishe.

Wenu katika kazi,
Mkunga mstaafu, Mufindi